Mke wa Mti na Mume wa Maji: Ngano za Newala kama Ushahidi wa Historia

Katika masimulizi ya mataifa mengi yenye pwani kuna kisa kimoja kinachorudiwa kila kizazi. Chombo kinavunjika, baharia mmoja anasalimika, mawimbi yanamtupa ufukweni, na huko anakutana na kiumbe aliye nusu mtu na nusu samaki. Wanapendana, wanaishi pamoja kwa muda, kisha bahari au nchi kavu inadai kilicho chake. Vijana wetu wanakijua kisa hiki kutoka katika filamu na riwaya za siku hizi, ambazo zimekipamba hata kikawa hadithi ya mahaba matupu. Mimi ninakisoma kwa jicho jingine. Hoja yangu ni kwamba, katika upande wetu huu wa Bahari ya Hindi, ngano za ndoa kati ya binadamu na viumbe wa majini ni ushahidi wa historia ya kutekwa, kuuzwa na kuhamishwa kwa watu. Na mtu akizisoma sambamba na simulizi ya asili ya Wamakonde wa nyanda za juu za Newala, watu ambao katika ngano yao waliukataa mto wakauoa mti, atauona upande wa historia ambao majalada ya kikoloni hayakuuandika waziwazi.

Nianze na tahadhari ya kitaaluma. Ngano si cheti cha kuzaliwa wala hati ya mahakama. Haitupi tarehe, na kila msimulizi huongeza na kupunguza. Lakini ngano hutunza kitu ambacho hati aghalabu hukitupa: hofu za jamii, na kanuni ambazo hofu hizo zilizaa. Kwa hiyo ninapoisoma ngano ya ndoa ya ajabu nina maswali matatu. Nani alivuka mpaka, na kwa nini? Nani aliulizwa ridhaa yake? Watoto waliozaliwa ni wa nani? Maswali haya matatu ni ya kisiasa kabla hayajawa ya kifasihi.

Tuanzie baharini. Katika karne ya 10 kilikusanywa kwa Kiarabu kitabu cha masimulizi ya mabaharia kiitwacho Ajaib al-Hind, yaani maajabu ya India, kinachohusishwa na nahodha Mwajemi Buzurg ibn Shahriyar. Ndani yake kuna kisa cha chombo kilichosukumwa na dhoruba hadi kisiwa wanakoishi watu wa majini. Mabaharia wakawachukua wanawake wa huko na kufanya nao maisha ya mume na mke. Wanawake hao wakapata nafasi, wakajirusha baharini wakaenda zao. Alibaki mmoja tu, kwa sababu alikuwa amefungwa. Mwanamume aliyemshika aliishi naye miaka mingi katika vifungo vyake na akazaa naye watoto. Siku mwanamume huyo alipofariki, watoto walimhurumia mama yao wakamfungua. Naye hakungoja: alikimbia hadi baharini, akatumbukia.

Msomaji wa leo anaweza kukiita kisa hiki mapenzi ya ajabu. Mimi sioni mapenzi hapo, ninaona kamba. Na sihitaji kukisia kamba hiyo ilitoka wapi, kwa kuwa kitabu hichohicho kinatupa kisa kingine, safari hii bila mkia wa samaki. Mwaka 310 wa Hijria, yaani 922, nahodha Ismailawayh alikuwa safarini kwenda Kanbalu, upepo ukamsukuma hadi Sofala, katika nchi iliyoitwa ya Wazanji. Mfalme wa mahali pale aliwapokea wageni hao waliopotea njia kwa wema mkubwa, akawaacha wafanye biashara yao bila kudai chochote. Siku ya kuondoka mfalme akapanda chomboni na watu wake saba ili awaage. Nahodha akapiga hesabu moyoni kwamba katika mnada wa Oman mfalme huyu angefikia dinari 30. Akaamuru tanga litwekwe. Mfalme akauzwa Oman, akafika Basra na Baghdad, akasilimu, akahiji Makka, na hatimaye akapata njia ya kurudi kwao kwa kupitia Misri. Miaka kadhaa baadaye, nahodha yuleyule alitupwa tena na upepo katika pwani ileile, akasimamishwa mbele ya mfalme yuleyule, naye akasamehewa.

Visa hivi viwili vimo katika jalada moja, na kwa mtazamo wangu ni kisa kimoja kilichosimuliwa mara mbili. Katika vyote wageni wanafikishwa ufukweni na dhoruba, wanakaribishwa, kisha wanaondoka na wenyeji wao wakiwa mateka. Tofauti ni kwamba katika kisa cha mfalme aliyetekwa ana jina la cheo, ana dini na ana maneno ya kujitetea, ilhali katika kisa cha mwanamke wa majini amepewa magamba. Kumfanya mtu nusu samaki ni njia ya zamani sana ya kueleza kwa nini hakuulizwa. Samaki haulizwi.

Ipo pia ngano iliyo karibu zaidi na ile ya mwanamume wa baharini. Ni ile ya Abdallah wa nchi kavu na Abdallah wa baharini katika Alfu Lela Ulela, mkusanyo ambao wasomaji wa Kiswahili wameujua kwa vizazi kadhaa. Mvuvi maskini anamnasa wavuni mwanamume mwenye mkia wa samaki. Badala ya kumtia kikapuni anamwacha huru, na wawili hao wanawekeana ahadi: mmoja ataleta matunda ya nchi kavu, mwenzake ataleta vito vya baharini. Urafiki huo unakuja kuvunjika kwa jambo moja. Mvuvi anaona watu wa baharini wakisherehekea kifo cha mwenzao, anasema kwao nchi kavu mtu akifa hulia. Rafiki yake anashtuka: ikiwa roho ni amana ya Mungu, na mnalia Mwenyewe anapoichukua, nitawezaje kukuamini na amana yangu? Wakaachana. Angalia kwamba hapa, ambako mtu wa majini aliachwa huru tangu siku ya kwanza, ndipo pekee tunapomsikia akijadiliana, akihoji na kuamua mwenyewe kuondoka. Ridhaa huanza pale wavu unapofunguliwa.

Sasa tuteremke kutoka vitabuni hadi kwenye maji yenyewe. Mnyama aliyezaa nyingi kati ya ngano hizi katika pwani yetu ni nguva, mamalia mpole anayekula nyasi za baharini na kumnyonyesha mtoto wake kwa matiti yaliyo kifuani. Mtawa Mreno wa shirika la Wadominiko, João dos Santos, aliyefika Sofala mwaka 1586 na baadaye akaishi katika visiwa vya Kerimba kusini ya mto Ruvuma, aliandika habari za samaki huyo mwanamke katika kitabu chake kilichochapwa mwaka 1609, pamoja na madai kwamba wavuvi waliwaingilia nguva waliowakamata. Katika pwani yetu pia husimuliwa kwamba zamani mvuvi aliyeleta nguva sokoni alitakiwa kwanza aape kuwa hakumwingilia. Sina haja ya kuamua kama kiapo hicho kiliapwa kila mara. Kinachonigusa ni fikra iliyomo: jamii ilihisi kwamba kiumbe aliyenaswa, asiyeweza kusema, yuko katika hatari ya aina fulani, na ikaona ni wajibu wake kuuliza. Laiti swali hilo lingeulizwa katika kila gati ambako majahazi ya Kilwa, Lindi na Mikindani yalipakia watu!

Kutoka Mikindani tupande bara, hadi nyanda za juu za Wamakonde. Hapa ndipo ngano inapogeuka. Karl Weule, mwanaethnografia Mjerumani kutoka Leipzig, alifika Masasi, Newala na Mahuta mwaka 1906, na katika kitabu chake cha mwaka 1908 ameiweka simulizi ya asili ya Wamakonde iliyokuwa imekusanywa katika miaka hiyo. Kwa ufupi inasema hivi. Upande wa Mahuta, ambako zamani palikuwa pori nene tupu, alitokea mwanamume asiyeoga, asiyenyoa nywele, anayekula na kunywa kidogo. Akachonga sanamu ya mtu kutoka katika mti, akaipeleka kwake, akaisimamisha wima. Usiku sanamu ikapata uhai, ikawa mwanamke. Wawili hao wakateremka hadi Ruvuma kuoga, na huko mwanamke akajifungua mtoto mfu. Wakahama, wakavuka nyanda hadi bonde la Mbwemkuru, akajifungua tena mtoto mfu. Wakarudi juu porini Mahuta. Mtoto wa tatu akazaliwa hai, akakua, wakafuata wengine wengi. Baba yao akawaachia amri mbili: wawazike wafu wao wakiwa wamesimama, kwa kumbukumbu ya mama aliyepata uhai akiwa wima, na wasijenge kamwe mabondeni wala karibu na mito mikubwa, kwa kuwa huko kuna maradhi na mauti. Nyumba zao ziwe mwendo wa saa nzima kutoka majini.

Hii ni ngano ya ndoa na kiumbe asiye binadamu kama zile za baharini, lakini kila kitu kimepinduliwa. Kiumbe huyu hakutoka majini, ametoka mtini. Maji hayaleti mchumba wala vito, yanaleta watoto wafu. Na mwisho wake si kuachana: ni ukoo, makaburi na sheria ya makazi. Kwa nini watu walio kati ya Ruvuma na bahari wasimulie asili yao kwa namna ya kuyakimbia maji?

Jibu la kwanza ni la jiografia. Udongo wa nyanda hizi ni wa kichanga unaopitisha maji kwa urahisi, hivyo mvua hunyesha na kuzama. Juu hakuna mito. Chemchemi hutokea chini, kwenye miteremko na mabonde ya kingoni. Aliyejenga Newala alijua kwamba maji yako chini ya mwinuko mkali, na kwamba kila mtungi ungepandishwa kwa kichwa cha mwanamke. Lakini jiografia inaeleza tu kwamba maji yalikuwa mbali. Haielezi kwa nini mtu achague kuishi mbali nayo.

Jibu la pili ni la historia ya utumwa. Katika karne ya 19 Kilwa Kivinje ilikuwa lango kuu la watumwa waliotoka pande za Ziwa Nyasa, na Lindi na Mikindani nazo zilikuwa na sehemu yao. David Livingstone alishuka Mikindani mwaka 1866 akapita kandokando ya Ruvuma kuelekea bara, na shajara zake za safari hiyo zina habari za vijiji vilivyohamwa na maiti za watumwa walioachwa njiani. Mabonde ya mito yalikuwa njia za misafara, na visima ndipo mahali rahisi pa kumvizia mtu, hasa mwanamke na mtoto. Juu ya nyanda, kinyume chake, kulikuwa na kichaka kizito kinachoshikamana, ambacho mgeni asiyejua vichochoro vyake hakukipenya kirahisi. Sultani Barghash alipiga marufuku biashara ya watumwa kwa njia ya bahari mwaka 1873, na misafara ya bara mwaka 1876, lakini uvamizi haukukoma siku iliyotiwa saini. Mwezi Septemba 1882 Wangoni waliojulikana huku kama Magwangwara waliivamia Masasi, wakaua na kuteka.

Jibu la tatu ni la afya, na ndilo ngano yenyewe inalolitamka: maradhi na mauti. Ni mwaka 1897 tu ambapo Ronald Ross, akiwa India, alimwona kimelea wa malaria tumboni mwa mbu. Wazee wa Mahuta hawakuwa na darubini, lakini amri yao ya mwendo wa saa nzima kutoka majini iliwaweka watoto mbali na mazalia ya mbu. Watoto wawili wafu, mmoja Ruvuma na mwingine Mbwemkuru, ni takwimu ya vifo vya watoto wachanga iliyotunzwa katika umbo ambalo bibi angeweza kulikumbuka na kulirithisha.

Mwanahistoria mwangalifu ataniuliza: kama utumwa ndio sababu, mbona ngano haiutaji? Swali ni la haki. Sidai kwamba ngano ya Mahuta ni fumbo la utumwa lililofichwa kwa makusudi. Ninachosema ni kwamba kanuni moja inaweza kuhifadhiwa na sababu nyingi. Huenda iliota kutokana na homa za mabondeni. Lakini katika karne ya 19 kila familia iliyoishika ilipata thawabu nyingine juu ya ile ya kwanza, kwa kuwa aliye mbali na mto alikuwa mbali pia na mtekaji. Kanuni isiyo na faida husahaulika. Hii ilikuwa na faida mbili, ikadumu.

Turudi kwa mke wa mti. Wanafunzi wa kike hunieleza, na wana sababu nzuri, kwamba yeye pia hakuulizwa: amechongwa, amesimamishwa, ameamka akiwa mke wa mtu. Ni kweli. Lakini tazama swali la tatu, la watoto. Wamakonde, kama Wamakua na Wayao wa Masasi na Newala, kwa mapokeo wamehesabu ukoo kwa upande wa mama. Watoto wa mwanamke wa majini katika kitabu cha mabaharia walibaki upande wa baba, na mama akarudi baharini peke yake. Mwanamke wa mti hakwenda popote. Alikuwa asili ya ukoo, na kila maiti iliyozikwa wima ilikuwa inamwiga yeye, si mchongaji wake. Katika ngano moja mama ni ngawira, katika nyingine ni nasaba.

Ikiwa tunataka kuona waliotupwa na bahari hasa, hatuhitaji kuwaumba. Waliletwa Masasi mwaka 1876. Askofu Edward Steere wa misheni ya UMCA aliondoka Unguja na kundi la watumwa walioachwa huru, watu zaidi ya 50, ambao wengi wao walikuwa wameokolewa na manowari za Uingereza kutoka katika majahazi. Nia ilikuwa wafike hadi pande za Ziwa Nyasa. Walipofika Masasi waliipenda nchi, wakaona wamekaribia kwao vya kutosha, wakakataa kuendelea. Hapo ndipo kilipoanzishwa kijiji chao. Baada ya uvamizi wa 1882, Chauncy Maples aliihamishia kazi yake Newala, kwa Matola, chifu wa Wayao. Hawa ndio manusura wa vyombo katika historia yetu: watu waliotolewa bara wakiwa wamefungwa, wakaonja maji ya chumvi, wakarudishwa nchi kavu na kutakiwa waanze ukoo upya kati ya wenyeji wasiowajua. Nani angewaoza? Watoto wao wangekuwa wa ukoo gani katika nchi ambako ukoo ni wa mama, na mama hajui kwao ni wapi? Hili ndilo swali la ngano, likiwa limevaa nguo za watu halisi.

Swali hilo halijafungwa. Wamakonde waliokwenda Kenya kufanya kazi katika mashamba ya mkonge na miwa ya pwani, kutoka Msumbiji na Tanganyika, waliishi huko kwa vizazi bila uraia. Mwezi Oktoba 2016 walitembea kutoka Kwale hadi Nairobi kudai watambuliwe, na serikali ya Rais Uhuru Kenyatta ikawatambua kuwa kabila la 43 la nchi hiyo, kisha vitambulisho vikaanza kutolewa. Miaka zaidi ya 50 baada ya uhuru, mtoto aliyezaliwa Kwale kwa mama aliyezaliwa Kwale alikuwa bado anahesabiwa kama kitu kilichotupwa ufukweni na wimbi. Wanaharakati wanaosoma makala hii wanajua kwamba mpaka mgumu zaidi kuvuka si bahari, ni kaunta ya ofisi.

Kuna kitendawili kimoja kidogo ambacho siwezi kukiacha. Mchongaji anayetajwa kuwa mwanzilishi wa mtindo wa sanamu za shetani, zenye jicho moja, viungo vilivyopinda na maumbo yaliyo nusu mtu na nusu mnyama, ni Mmakonde mwenye asili ya Msumbiji aliyefanya kazi Dar es Salaam mwishoni mwa miaka ya 1950. Jina lake lilikuwa Samaki Likankoa. Husimuliwa kwamba sanamu yake ya mtu ilivunjika mkono, naye badala ya kuitupa akaichonga upya ikawa kiumbe asiye binadamu, na mfanyabiashara Mohamed Peera akaona thamani yake. Tangu hapo mpingo umezaa viumbe wengi, nguva wakiwamo. Katika ngano ya Mahuta mti ulipata uhai ukawa mtu. Katika karakana za Dar es Salaam mtu aliyevunjika aligeuzwa kuwa kiumbe wa ulimwengu mwingine ili aendelee kuuzika. Mtalii hununua ajabu. Sisi tuna wajibu wa kukumbuka kwamba waliochonga ajabu hiyo walikuwa wahamiaji, wengi wao wamevuka Ruvuma kuikimbia kazi ya kulazimishwa na utawala wa Wareno.

Na nguva mwenyewe? Ametuponyoka. Katika Tanzania amesalia kwa idadi ndogo sana, hasa katika maji ya Rufiji, Mafia na Kilwa, na adui yake mkuu ni jarife, ambalo humnasa akazama kwa kukosa pumzi. Mwaka 2022 shirika la IUCN liliwaorodhesha nguva wa Afrika ya Mashariki kuwa katika hatari kubwa kabisa ya kutoweka. Kundi kubwa lililobaki liko Bazaruto, Msumbiji. Tunaweza kufika siku ambapo mapenzi na nguva yataendelea kusimuliwa katika nchi isiyo na nguva hata mmoja. Huo nao utakuwa ushahidi wa historia, lakini dhidi yetu.

Nimalizie na maji ya Newala, kwa kuwa makala hii inasomwa pia na watumishi wa umma. Tangu miaka ya 1950, serikali ya kikoloni ilipoanzisha mradi wa kusukuma maji kutoka mabondeni hadi juu ya nyanda, hadi miradi ya Mtwara na Lindi iliyofadhiliwa na Finland kuanzia miaka ya 1970, na hadi leo, tatizo limekuwa lilelile: maji yako chini, watu wako juu, na kuyapandisha kunahitaji mashine, mafuta au umeme, na fedha za matengenezo. Pampu zinapokufa, mwanamke wa Newala, awe Chilangala au Kitangari, hurudi kwenye ndoo. Nimesikia zaidi ya mara moja, katika vikao vya watu wenye shahada, swali likiulizwa kwa kejeli: kwa nini wasihamie tu kwenye maji?

Swali hilo lina jibu, na jibu lina umri mkubwa kuliko wizara zote. Hawakuhamia kwenye maji kwa sababu waliokuwa kwenye maji walizika watoto, na waliobaki hai walihatarisha kuuzwa. Makazi ya juu hayakuwa ubishi wa watu wasioelewa maendeleo. Yalikuwa sera ya afya na ulinzi iliyotungwa na jamii isiyokuwa na zahanati wala jeshi. Gharama yake ilibebwa na wanawake, saa baada ya saa, kwa vichwa vyao, na hilo nalo lazima lisemwe: ngano ilimpa mama heshima ya kuwa chanzo cha ukoo, kisha ikamwachia mtungi. Anayepanga bajeti ya maji ya nyanda hizi leo anapaswa kuelewa kwamba anailipa dhamana ya usalama ambayo wanawake hao wameilipa peke yao kwa muda mrefu. Sababu ya kukaa mbali na mto imepungua nguvu: mtekaji hayupo, chandarua na dawa zipo. Lakini miji, makaburi, mikorosho na shule ziko juu, na hakuna haki ya kumwambia mtu ashuke alikokatazwa na mababu ili kuirahisishia hazina kazi yake.

Kwa wanafunzi wangu nina ombi moja. Mrudipo Masasi, Newala au Tandahimba wakati wa likizo, waulizeni bibi zenu ngano za maji na za miti, kwa ridhaa yao, na mwandike jina la kila msimulizi anayependa litajwe. Msiziandike kama burudani ya watoto, wala msizisahihishe zifanane na filamu. Zihojini kwa maswali yale matatu: nani alivuka, nani aliulizwa, watoto ni wa nani. Palipo na kamba, andikeni kamba. Mahaba yatajitetea yenyewe.